Mama amegoma kufanya mazoezi tangu alipoanguka: nimshawishi vipi bila kumuudhi?

Binti wa Mvumi (muulizaji)

Wakubwa shikamooni, na wengine wote habari za kazi.

Ninaishi Nkuhungu, hapa Dodoma mjini. Mama yangu mzazi, mwenye umri wa miaka 74, anaishi kijijini katika wilaya ya Chamwino pamoja na mdogo wangu wa kiume na mkewe. Msimu wa mvua uliopita aliteleza alfajiri akienda chooni, akaangukia ubavu. Tunamshukuru Mungu hakuvunjika, ila maumivu ya nyonga yalimlaza kwa majuma kadhaa. Maumivu hayo yamekwisha, lakini yule mama aliyekuwa akienda mwenyewe shambani, kanisani na misibani, sasa anashinda kibarazani. Akisimama anashika ukuta, akitaka maji analetewa, na akialikwa mahali anasema miguu haimruhusu.

Mtaalamu aliyempima alituambia kwamba mifupa iko salama na kwamba anachohitaji ni mazoezi ya kuimarisha miguu. Nilipomfikishia mama ujumbe huo alicheka, akasema mazoezi ni ya wanafunzi na askari, na kwamba yeye ameshalima, ameshachota maji na ameshatwanga vya kutosha, kwa hiyo sasa ni zamu yake ya kupumzika. Nilipomwambia kwamba asipofanya ataanguka tena na safari hii atavunjika, alinyamaza kabisa, na tangu siku hiyo nikigusia suala hilo kwenye simu anauliza habari za watoto. Mke wa mdogo wangu naye anampenda mno, na kwa mapenzi hayo hamruhusi kuinua hata sufuria.

Ninaomba ushauri kwa wenye uzoefu. Ninawezaje kumrudishia ari bila kugombana naye? Je, kumhimiza atembee tu kila jioni kunatosha, au kuna mazoezi maalumu?

Mtaalamu wa Viungo, Dodoma

Dada, pole kwa mama. Ninafanya kazi ya fiziotherapia hapa Dodoma, na wazee wa hali unayoieleza ninakutana nao mara kwa mara.

Jambo ambalo familia nyingi hazilioni ni kwamba baada ya anguko la kwanza, hatari kubwa huhamia kwenye kiti. Mzee anaanguka, anaogopa, anapunguza kutembea. Misuli ya mapaja na ya vigimbi inapungua nguvu, na mwili unapoteza wepesi wa kujirekebisha pale unapoyumba, hata siku atakapolazimika kusimama peke yake usiku anakuwa katika hali mbaya zaidi kuliko ile aliyokuwa nayo kabla ya kuanguka. Huyo mkamwana anayemzuia kuinua sufuria anamsukuma upande huohuo bila kujua. Mzungumze naye kwanza, na kwa upole, kwa sababu yeye ndiye anayekaa na mama kutwa nzima.

Suala lenyewe si dogo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao 684,000 hufariki kila mwaka duniani kwa sababu ya kuanguka, wengi wao wakiwa watu wazima wenye umri mkubwa, na zaidi ya asilimia 80 ya vifo hivyo hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Wanaodhani kwamba haya ni matatizo ya wazee wa Ulaya wanaopanda ngazi za ghorofa wanakosea.

Upande wa mazoezi, ushahidi ni mzuri kuliko ule wa tiba nyingi tunazowapa wazee. Mapitio ya mwaka 2019 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima tafiti za afya, yaliyojumuisha majaribio 108 na washiriki zaidi ya 23,000 wa miaka 60 na kuendelea, yalionyesha kwamba mazoezi hupunguza matukio ya kuanguka kwa takriban asilimia 23, na pale mazoezi ya kujisawazisha yanapochanganywa na ya kuongeza nguvu za misuli, punguzo linafikia takriban asilimia 34. Hata hivyo si kila zoezi lina faida hiyo. Kutembea peke yake hakujathibitika kupunguza kuanguka, na kwa mtu ambaye miguu bado haijawa imara, kumhimiza atembee haraka kwenye njia yenye mawe na makorongo kunaweza hata kumwongezea nafasi za kujikwaa. Matembezi yana faida zake kwa moyo, kwa sukari na kwa usingizi, kwa hiyo simkatazi. Nasema tu yasichukuliwe kuwa ndiyo kinga.

Kinachosaidia ni kazi inayoulazimisha mwili ujizuie usianguke. Aketi na kuinuka kwenye kiti imara, akijitahidi kupunguza matumizi ya mikono kadiri siku zinavyokwenda. Asimame akishika ukuta na kujiinua kwa vidole vya miguu, kisha ashuke taratibu. Atembee kiubavu kando ya ukuta, arudi nyuma hatua chache, asimame mguu mmoja ukiwa mbele ya mwingine, kisigino kikigusa vidole, na baadaye ajaribu kusimama kwa mguu mmoja. Mtu awe karibu naye wakati wote. Zoezi lisilomyumbisha hata kidogo halimfundishi kitu, na hapa ndipo ndugu wengi wanapokosea kwa huruma: wanamketisha mzee kwenye kiti, anapunga mikono, wanampigia makofi, kisha wanashangaa mbona bado anaanguka.

Kuna mpango wa Otago, uliobuniwa katika Chuo Kikuu cha Otago nchini New Zealand miaka ya 1990, ambao mzee anaufanya nyumbani kwake kwa muda wa takriban nusu saa, mara tatu kwa juma, na siku nyingine anatembea. Katika majaribio yake ulipunguza kuanguka kwa takriban asilimia 35. Hauhitaji ukumbi wala mashine, na ndiyo maana ninaupenda kwa mazingira yetu ya vijijini.

Kabla ya kuanza, hakikisheni mambo matatu yamepimwa: presha yake akiwa amelala na akiwa amesimama, dawa zote anazotumia, hasa za presha na za usingizi, na macho. Kipimo kimoja mnaweza kukifanya wenyewe. Wekeni alama mita tatu kutoka kwenye kiti. Ainuke, atembee kwa mwendo wake wa kawaida mpaka kwenye alama, ageuke, arudi na kuketi. Akitumia sekunde 12 au zaidi, jueni kwamba yuko katika hatari ya kuanguka na anahitaji msaada wa karibu.

Mwalimu Mstaafu, Kikuyu

Marahaba, mwanangu. Mimi nina umri wa miaka 71, kwa hiyo nitazungumza kwa niaba ya mama yako kuliko kwa niaba yako, na naomba univumilie.

Mtaalamu ameeleza vizuri sana, ila takwimu hizo zimfae yeye na wewe, usimpelekee mama. Ulipomwambia kwamba ataanguka tena na kuvunjika, wewe ulikuwa unarudia maneno ya daktari, lakini yeye alisikia mtoto wake wa kumzaa akimtabiria mabaya. Sisi tuliolelewa huku tunaamini kwamba maneno huumba. Hata tusioamini sana tunaudhika, kwa kuwa hakuna mtu mzima asiyejua kwamba miguu yake imedhoofika, na anayekuja kumtangazia habari hiyo anaonekana kana kwamba amekuja kumhesabu miongoni mwa wasiojiweza.

Ningekuwa wewe, ningeacha kabisa habari ya kuanguka. Nenda Jumamosi, ukae naye, mle naye mlenda, umuulize ni mahali gani anapatamani kwenda na haendi. Sikiliza jibu lake mpaka mwisho. Wazee wengi hawataki kuwa na miguu yenye nguvu kwa ajili ya miguu yenyewe. Wanataka kufika kanisani, wanataka kwenda kumpa mkono wa pole mwenzao aliyefiwa, wanataka kuona kama vibarua wamepalilia vizuri.

Nitakwambia na jambo ambalo huenda mama yako hatakwambia. Msibani akina mama hukaa chini, kwenye mikeka. Mzee ambaye hawezi kuinuka mkekani mpaka avutwe na watu wawili, tena mbele ya wakwe zake, anaona ni heri asiende kabisa na asingizie miguu. Marehemu mke wangu aliacha kwenda misibani kwa sababu hiyo, nami nilikuja kuifahamu kwa kuambiwa na dada yake. Chunguza kama na kwa mama hali ni hiyo.

Jambo lingine ni faragha. Usimwambie mama wa miaka 74 asimame uani anyanyue mguu huku wajukuu wanacheka na mkamwana anatazama. Yafanyike ndani, au alfajiri kabla jua na upepo wenye vumbi havijaanza, na afunge kitenge kwa namna ambayo hakitamtega miguuni.

Fundi Ujenzi, Bahi

Ninawaheshimu wote waliotangulia, ila naona tunamzungushia mama mzigo ambao si wake. Mama wa kijijini kwetu ambaye amelima kwa jembe la mkono maisha yake yote hana upungufu wa mazoezi. Aliyemwangusha ni choo. Nimejenga na kukarabati nyumba nyingi katika mkoa huu, na ninawaambia kwamba nyumba zetu zinaangusha wazee: nyumba ya tembe yenye mlango mfupi unaomlazimisha mtu kuinama huku akivuka kizingiti kirefu, nyumba mpya ya bati ambayo mwenyewe amejivunia kupiga niru sakafu nzima mpaka ing'ae, ikipata tone la maji ni utelezi mtupu, na choo kiko mita nyingi kutoka mlangoni, bila taa, bila mahali pa kushika, na njia yenyewe ikinyeshewa na mvua inakuwa tope.

Kwa fedha ambayo mtu angeitumia kwenda na kurudi mjini kwa ajili ya mazoezi, anaweza kuchimbia bomba la chuma kwa zege pembeni ya tundu la choo ili mzee alishike anapochuchumaa na anapoinuka, akafunga taa ya sola juu ya mlango, akapunguza kizingiti, na akamwaga kokoto na saruji kwenye njia. Sakafu ya chooni isipigwe niru; ipitishwe ufagio wakati saruji bado mbichi ili iwe na mikwaruzo. Na zile ndala zilizolika mpaka zimekuwa laini kwa chini zitupwe. Mkishamaliza hayo, ndipo mzungumzie kusimama kwa mguu mmoja.

Mtaalamu wa Viungo, Dodoma

Fundi, umesema mambo ambayo mimi nilipaswa kuyagusa, na utafiti unakuunga mkono kwa sehemu kubwa. Mapitio mengine ya Cochrane, ya mwaka 2023, yalionyesha kwamba kuondoa vitu vinavyoweza kumwangusha mzee nyumbani kunapunguza kuanguka kwa takriban asilimia 26, na kwa wale walio katika hatari kubwa, kama mzee aliyekwisha kuanguka, punguzo linafikia takriban asilimia 38. Kwa hiyo bomba lichimbiwe na taa ifungwe, na kwa kweli hiyo ni njia nzuri ya kuanza, kwa sababu mzee anaona mtoto wake ameleta kitu badala ya kuleta maagizo.

Pale tunapotofautiana ni kwenye kilimo. Kulima kwa jembe kunajenga mgongo na mikono, na kunafanyika miguu ikiwa imetanuliwa na kukanyaga chini sawasawa. Hakumfundishi mtu kujizuia anapojikwaa akiwa amesimama kwa mguu mmoja gizani. Tena mama huyu halimi tena tangu msimu uliopita. Nguvu za misuli hazina akiba ya miaka arobaini. Mtu akikaa bila kuitumia, inapungua ndani ya majuma machache, na kwa umri wake kuirejesha kunachukua muda mrefu kuliko kuipoteza.

Mwalimu, shikamoo. Hayo uliyoyasema kwa uzoefu wako yamechunguzwa hata Uingereza: Lucy Yardley na wenzake, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2006, waliwahoji wazee kuhusu ushauri wa kuzuia kuanguka, na wengi wakaona kwamba ushauri huo ni mzuri lakini unawahusu watu wengine, wazee zaidi au walemavu kuliko wao. Tangu nilipousoma utafiti huo nimebadilisha namna ninavyoongea na wagonjwa wangu, ingawa ninakiri kwamba hoja ya mkeka sikuwahi kuifikiria kwa uzito huo.

Mhudumu wa Afya Ngazi ya Jamii, Kongwa

Naongezea kutoka upande wa kijijini, ambako mtaalamu wa viungo hapatikani na mimi ndiye ninayepita nyumba kwa nyumba.

Macho yaangaliwe kwa uzito. Kongwa imekuwa eneo la utafiti wa trakoma tangu miaka ya 1980, kwa hiyo huku ugonjwa huo wa vikope tunaufahamu: kope zinageukia ndani, zinakwaruza kioo cha jicho, na mzee anaishia kuona ukungu. Ukijumlisha na mtoto wa jicho, unakuta mtu anapapasa ukuta, na familia inadhani miguu ndiyo mibovu. Hospitali nyingi za umma zina dirisha la wazee kwa wenye miaka 60 na kuendelea. Siku mtakayompeleka, ombeni presha, macho na dawa viangaliwe kwa safari moja, maana mkimrudisha mara tatu atachoka na atakataa yote.

Kuhusu ari, kwa uzoefu wangu mzee mmoja peke yake nyumbani anaacha mapema, lakini akina bibi sita wakiwa pamoja wanaulizana aliyekosa yuko wapi. Sisi hatukuanzisha kikundi kipya. Tulitumia kikundi cha kuweka na kukopa ambacho tayari kilikuwa kinakutana, na kabla ya kuhesabu hisa wanasimama nyuma ya viti vyao, wanavishika, wanajiinua kwa vidole, wanaenda kiubavu, wanaketi na kuinuka, na mmoja wao anaongoza kwa wimbo. Katika sisi Wagogo hakuna mama wa umri huo asiyejua muheme, ngoma yetu ya wanawake, na wale waliowahi kuipiga wakiwa wameibana ngoma mapajani wanakumbuka hatua zake mpaka leo. Tunachukua hatua zile, tunazipunguza kasi, na viti vinabaki karibu. Mama mmoja aliyekataa katakata kufanya mazoezi alikuja "kuwasahihisha" wenzake kwa sababu walikuwa wanakosea wimbo, na mpaka leo ndiye kiongozi.

Kwa anayeongoza, chagueni mwanakikundi wa rika lao. Mimi nikisimama mbele ninaonekana nimeletwa na serikali.

Shida tunayoipata ni moja, na sijapata jibu lake. Mvua zikianza kikundi kinatawanyika. Wenye nguvu wanakwenda shambani, wengine wanabaki kulea wajukuu, na tunaporudiana baada ya mavuno tunaanza upya. Mtaalamu, wenzetu wanafanyaje?

Binti wa Mvumi

Shikamoo Mwalimu, na ninawashukuru nyote.

Nilikwenda mwisho wa juma. Sikutaja kuanguka. Nilimpelekea taa ya sola, na mdogo wangu amekubali kuchimbia bomba chooni kama Fundi alivyoelekeza. Baada ya chakula nilimuuliza mama ni wapi anapotamani kwenda. Alitaja kanisani, kisha akanyamaza, kisha akasema kwamba dada yake wa tumbo moja yuko hoi, na kwamba Mungu akimchukua, yeye hataweza kukaa naye chini matanga yote kama inavyopasa. Mwalimu, ulikuwa sahihi. Aliniambia kwamba katika msiba wa mwisho aliohudhuria aliinuliwa na vijana, kitenge kikafunguka, na hajarudi tena.

Nilimwambia kwamba kuna namna ya kujifunza kuinuka mkekani mwenyewe. Aliniuliza, "Kuna namna?" Hakucheka safari hii.

Sasa nina maswali mawili. Magoti yake yanauma anapoinuka kwenye kigoda, je, tuendelee au tusubiri? Na hiyo namna ya kuinuka chini inafundishwaje? Presha yake inatibiwa kwa dawa, na akiinuka ghafla asubuhi anapata kizunguzungu.

Mtaalamu wa Viungo, Dodoma

Dada, umepata lengo ambalo mimi nisingeweza kumwandikia. Kila kitu sasa kipangwe kuelekea mkekani.

Kizunguzungu kwanza. Mtu mwenye kizunguzungu anapoinuka hapaswi kuanza mazoezi mpaka aonekane na daktari, kwa sababu huenda kiasi cha dawa au saa ya kuimeza vinahitaji kubadilishwa. Asiache dawa mwenyewe. Kwa sasa aamkapo aketi ukingoni mwa kitanda, achezeshe vifundo vya miguu, anywe maji, ndipo asimame akiwa ameshika kitu.

Magoti yanayouma kwa umri huo mara nyingi yanapata nafuu misuli ya paja inapoimarika, kwa hiyo kusubiri maumivu yaishe ni kusubiri kisichokuja. Wekeni kanuni hii: maumivu kidogo wakati wa zoezi yanakubalika, mradi yatulie kufikia kesho yake asubuhi. Goti likivimba, au likiwa na joto, asimamishe na apimwe. Kigoda kwa sasa ni kifupi mno kwake. Aanze na kiti cha kawaida kilichoegemezwa ukutani, hata kikiongezwa mto juu yake, ainuke na kuketi mara anazoweza bila kuhema sana, apumzike, arudie. Mto uondolewe atakapozoea, na kigoda kirudi baada ya hapo.

Kuinuka chini hufundishwa kuanzia mwisho wake. Hatumlazi mzee sakafuni siku ya kwanza kisha tukamwambia inuka, kwa maana akishindwa hofu inarudi yote. Anaanza akiwa amesimama mbele ya kiti imara: anaweka mikono yote miwili juu ya kiti, anashusha goti moja mpaka kwenye mto uliowekwa chini, kisha anajisukuma kwa mikono na kwa mguu wa mbele anarudi juu. Akilimudu hilo kwa siku kadhaa, anashusha magoti yote mawili na kurudi. Kisha anatoka kwenye magoti na kuweka mikono chini, kama anayetambaa. Kisha anaketi kwa nyonga moja. Mwisho analala ubavu, na hapo njia ya kurudi juu anaijua yote: kugeukia ubavu, kuegemea kiwiko, kupiga magoti, kutambaa mpaka kwenye kiti, kuweka mikono, kuleta mbele mguu wenye nguvu zaidi, na kuinuka. Msibani kiti cha plastiki hakikosekani, na akikaa ukingoni mwa mkeka, karibu na ukuta au nguzo, atakuwa na pa kujishikia. Kuhusu kitenge, avae gauni refu lililoshonwa na kitenge kiwe cha juu tu.

Mdogo wako au mkewe asimame nyuma yake, mikono ikiwa tayari lakini bila kumgusa. Wakimvuta mkono wanamnyima zoezi lenyewe, na bega la mzee linachomoka kirahisi.

Ndugu wa Kongwa, swali lako la msimu wa mvua ndilo gumu kuliko yote, kwa kuwa faida ya mazoezi haya inapotea yanapoachwa, na Shirika la Afya Duniani linashauri wazee wafanye mazoezi ya kujisawazisha na ya nguvu angalau siku tatu kwa juma. Jibu bora ninalolijua limetoka Australia, kwenye mpango unaoitwa LiFE. Wazee wa miaka 70 na kuendelea, waliokwisha kuanguka na kuumia au kuanguka zaidi ya mara moja, hawakutengewa saa ya mazoezi; walifundishwa kuyaingiza ndani ya shughuli ambazo tayari walikuwa wakizifanya. Jaribio lao lililochapishwa mwaka 2012 lilionyesha punguzo la asilimia 31 la kuanguka. Kwa bibi aliyebaki nyumbani kulea mjukuu huku wenzake wako shambani, hiyo ina maana kwamba anasubiri maji yachemke akiwa amesimama kisigino kwa vidole huku ameshika meza. Anapokwenda kuchukua ufagio anakwenda kiubavu. Kila anapotaka kuketi anaketi, anainuka, kisha anaketi tena. Kabla kikundi hakijatawanyika, kila mmoja achague shughuli mbili au tatu za nyumbani kwake na azitaje mbele ya wenzake, na wewe unapopita nyumba kwa nyumba uwaulize kuhusu hizo tu.

Kwa mama, dada, mwacheni mkamwana ampe kazi za kusimama: kupepeta, kupanga vyombo kwenye kichanja, kuanika mboga. Vyombo vyepesi viwe juu, ili ajinyooshe kuvifikia, na vizito vibaki chini.